Maji Tu Hapa

Walinitundika mwisho wa mtaa wetu siku ya Jumatano, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimeinua glasi, nimekenua meno kama mgombea udiwani, na chini ya kidevu changu, kwa herufi ndefu kuliko mlango wa nyumba yetu, paliandikwa: MAJI TU. Bango lilifungwa kwenye uzio wa kiwanda. Juu ya kichwa changu yalichomoza matanuru, na kando yake lile bomba refu linalotema moto kila linapojisikia, mchana kweupe, hata siku ya Krismasi.

Maneno yale ni yangu. Sitaki mtu aseme niliyaokota. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha gari la haidrojeni katika maegesho ya maduka makubwa, kuanzia Long Beach mpaka Pasadena, ili watu walione na kulitamani. Wenzangu wa kazi ile walikuwa wakieleza mitambo mpaka watu wanakumbuka kwamba wameacha nyama kwenye jua. Mimi sikueleza kitu. Nilikuwa nabonyeza kitufe, gari linatiririsha maji kwa nyuma, nakinga glasi, nakunywa yote mbele yao, nafuta mdomo, nasema, "Maji tu." Basi. Watu walisimama. Watoto walitaka kuonja. Wazee waliinama kuchungulia lile bomba la moshi lisilotoa moshi. Bwana Whitlow, mkubwa wa matangazo katika kampuni yetu ya magari, alikuja siku moja akanitazama, na wiki iliyofuata maneno yangu mawili yalikuwa kwenye fulana, kwenye kalamu na kwenye vikombe.

Nami nilijivuna. Kwa nini nisijivune? Mtoto wa Wilmington, bila chuo, maneno mawili tu, na jiji zima linayasema.

Sasa kiwanda kile cha mwisho wa mtaa kimekuwepo tangu sijazaliwa. Miaka yote kilikuwa kinatengeneza haidrojeni ya kusafishia petroli, kikiiuzia kiwanda jirani cha mafuta, na sisi tukaishi na harufu kama watu wanavyoishi na mkwe mkorofi. Lakini mwaka huu kampuni yetu iliingia ubia nacho, wakaomba kibali cha kuongeza tanuru jingine, safari hii kwa ajili ya magari kama lile langu. Akina mama wa mtaa walikuwa wanapinga. Kila asubuhi hufuta vizingiti vya madirisha kwa vitambaa vyeupe, na kila mkutano wa baraza la jiji huenda na vitambaa vile na kuviinua juu, vikiwa vyeusi, bila kusema neno. Anayewaongoza ni mama yangu, Eufrasia Zúñiga.

Jumapili nilikwenda kula kwake kama kawaida. Pozole ilikuwa inachemka, ile supu ya mahindi meupe na nguruwe, nyumba nzima ikinukia. Nikavuta kiti changu nikaketi. Mama hakugeuka kutoka jikoni.

"Umekalia kiti cha mtu," alisema.

"Cha nani?"

"Cha mwanangu Leobardo. Wewe ni yule wa kwenye bango."

Nilicheka. Hakucheka. Dada zangu walitazama mabakuli yao. Nikaanza kujitetea, kwamba sikujua kama litawekwa pale, kwamba niliyosema ni kweli, maji yale nimeyanywa mimi mwenyewe kwa koo hili. Mama akasema hana ugomvi na koo langu. Ugomvi wake ni kwamba Alhamisi alisimama mbele ya baraza na kitambaa chake, na bwana mmoja wa kampuni akamwonyesha picha yangu, akamuuliza kwa adabu kama hamwamini hata mtoto wake.

"Litolewe," alisema, "au liseme kweli. Likisema kweli, njoo ule. Kabla ya hapo usinikalie mezani."

Nilitoka na njaa yangu. Upande wa pili wa barabara, jirani yetu Hortensia alikuwa anamwagilia maua yake, na nadhani alikuwa ananingoja.

"Bwana Maji," aliniita. "Mbona mapema? Umekunywa ukashiba?"

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Whitlow kabla ya katibu wake. Nilimwambia bango litolewe. Alinisikiliza vizuri, kichwa upande, kama daktari anayesubiri ufunge mdomo akuandikie dawa. Kisha akasema bango limelipiwa mpaka mwisho wa msimu, haliwezi kutolewa, na kwa nini litolewe wakati linasema kweli.

"Linasema kweli mahali pasipo penyewe," nilimwambia.

"Hilo nalo ni neno zuri, mtu wangu. Unaona? Wewe una kipaji." Akaniambia kama nataka kurekebisha maneno, yeye hana kinyongo, alimradi yasizidi matatu, kwa sababu mtu anayeendesha gari kwenye barabara kuu hasomi la nne. Na lazima yapitishwe na Dakta Terzian. Katika kampuni yetu hakuna neno linalopanda kwenye bango bila sahihi yake kwamba ni la kweli.

Sikuwahi kumwona huyo Dakta Terzian. Nilimkuta kwenye chumba kisicho na dirisha, mwanamke wa makamo, Mwarmenia wa Glendale, anakula parachichi kwa kijiko huku anasoma. Kazi yake ilikuwa kupima uchafu wa gari tangu madini yake yanapochimbwa mpaka linapokwenda kusagwa chuma chakavu. Nilipojitambulisha alisema ananijua, mimi ndiye niliyemharibia miaka miwili ya kazi.

Nikamuuliza nimemharibia vipi. Akafuta mikono, akachora gari kwenye karatasi, vibaya, kama kiatu. Akaniuliza: ukitaka kujua gari linachafua kiasi gani, unaanzia kuhesabu wapi? Akachora duara dogo kuzunguka bomba la nyuma. Tukianzia hapa, alisema, jibu ni maji, na kijana mwenye glasi anapigiwa makofi. Kisha akachora duara kubwa mpaka likatoka nje ya karatasi likaingia kwenye meza. Ndani ya duara lile akaniwekea tanuru, ambamo gesi asilia inapikwa kwa mvuke mkali, haidrojeni inatoka kidogo na hewa ukaa inatoka mara nyingi uzito wake. Akaniwekea mitambo ya kuibana na kuipoza, na malori ya dizeli yanayoisambaza vituoni. Akaniwekea tangi la gari, linalosokotwa kwa nyuzi za kaboni zilizookwa kwenye joto la kutisha, na platinamu iliyo ndani ya mtambo, iliyotoka chini kabisa ya ardhi ya watu wengine.

"Kwa hiyo gari langu ni uongo?" nilimuuliza.

"Gari lako halina kosa. Inategemea nani kaipika haidrojeni, na kwa moto gani. Ikitengenezwa kwa maji na umeme wa jua, nitakunywa glasi hiyo pamoja nawe. Ikitengenezwa kama inavyotengenezwa pale kwenu, unaishinda petroli, lakini kwa kidogo sana."

Nikamwambia mama yangu hana habari na petroli, ana habari na kizingiti cha dirisha lake. Dakta Terzian akasema hapo ndipo yeye mwenyewe anaposhindwa kulala. Hewa ukaa ni ya dunia nzima, haichagui mtu. Lakini moshi wa tanuru una anwani. Ripoti yake ya miaka ile miwili ilikuwa na sura nzima juu ya anwani hiyo, na Whitlow akaisoma yote, akamshukuru, akachukua ukurasa mmoja, ule wa duara dogo.

"Aliniuliza kama maneno 'maji tu' ni ya kweli kwenye bomba la gari," alisema. "Ni ya kweli. Nikatia sahihi. Ningefanyaje?"

Basi tukaketi kutafuta neno moja la kuongeza. Asiyewahi kutafuta neno moja asidhani ni kazi rahisi. Niliyabeba maneno kichwani, nikayapima, nikayatema. "Maji tu mwishoni" lilikuwa zuri, lakini likasikika kama mtu anayezama. "Maji na mengineyo" Terzian alilicheka mpaka akakohoa, akasema hilo ndilo la kweli kuliko yote na ndilo lisilopita kamwe. "Maji tu bombani" tulilipeleka kwa Whitlow siku hiyohiyo, akalirudisha, akasema neno bomba litawakumbusha watu choo. Nilipiga meza. Nilikuwa natafuta neno moja dogo ambalo mtu akilisoma atajiuliza: na kwingine je?

Nililipata nikiwa napanga foleni kituo cha haidrojeni cha Carson. Pale pampu moja ilikuwa mbovu kama kawaida, na ile nzima ilikuwa imepoteza nguvu baada ya kujaza gari lililotangulia. Sisi watu wa haidrojeni tunajua desturi: ukifika, unaiacha pampu ipumue kwanza ijikusanyie nguvu, la sivyo utaondoka na nusu tangi na laana za walio nyuma yako. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliacha ipumue, akajaza, kisha mdomo wa pampu ukagandia kwenye gari lake kwa baridi, ukakataa kutoka. Akawa anaumwagia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Bwana mmoja mgeni, ambaye gari lake lilikuwa jipya, akamuuliza gari hili linatoa nini haswa. Yule mama alikuwa amechoka, hakugeuka. Akapiga teke dogo bomba la nyuma ya gari lake, akasema, "Hapa linatoa maji."

Hapa. Alivyolisema, kila mtu kwenye foleni alijua kwamba kuna pengine.

Nikampigia simu Terzian palepale. MAJI TU HAPA, na mshale unaoelekea kwenye bomba la gari. Akalirudia mara kadhaa kwa sauti ya chini, akatafuta kasoro, hakuiona. Alisema hilo ni duara dogo linalokiri kuwa ni duara dogo. Akatia sahihi jioni ileile. Whitlow alipolisoma alipiga kofi mezani kwa furaha, akasema ni bora kuliko la kwanza, litapanda kabla ya Jumapili. Ilinishangaza kidogo alivyofurahi. Nikadhani ni kwa sababu neno lilikuwa zuri.

Nikampigia mama nikamwambia aniwekee bakuli.

Jumapili nilikuta dada zangu wamesimama nje ya geti wamekunja mikono. Sikuwauliza kitu. Nilitembea mpaka mwisho wa mtaa. Bango jipya lilikuwa limepanda kweli, na maneno yalikuwa yaleyale matatu. Lakini gari halikuwepo pichani. Nilikuwepo mimi na glasi yangu, na mshale mkubwa wa kijani ulitoka mkononi mwangu, ukashuka chini wima, ukaelekea ardhini, kwenye uzio, kwenye matanuru, kwenye mtaa wetu. MAJI TU HAPA. Yaani hapa kwetu. Yaani kiwandani.

Mama hakunifungulia mlango. Alisema nami kwa sauti tulivu, kupitia wavu wa dirisha.

"Lile la kwanza lilidanganya juu ya gari. Hili linadanganya juu ya nyumba yangu. Umelitengeneza wewe hili?"

Nilisema neno ni langu, mshale si wangu. Akaniuliza mtu anayepita barabarani atajuaje tofauti.

Terzian nilipompata kwenye simu alisema alitia sahihi maneno. Picha hazipiti kwake. Picha zinapitia ofisi nyingine, ghorofa nyingine, kwa watu wanaochagua rangi. Sote wawili, watu wa maneno, tulishughulika na neno siku nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuufunga mshale ndani ya sahihi. Alisema atapeleka malalamiko. Nikamuuliza yatajibiwa lini. Akasema wanayapitia kila mwisho wa robo mwaka, na kwamba ananiomba radhi, na kwamba amechoka kuwa mtu ambaye kila asemalo ni kweli.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa sherehe ya kutangaza tanuru jipya, mbele ya geti la kiwanda, chini ya bango. Kulikuwa na hema, viti vyeupe, diwani, wageni kutoka Sacramento, makao makuu ya jimbo, na gari langu limeoshwa mpaka linajitazama. Whitlow alinitumia ujumbe niwahi. Nilikwenda. Kazi yote ya wiki ile nilikuwa nimeikataa, lakini hii nilikwenda, kwa sababu nilijua nitapewa kipaza sauti, na mimi nikipewa kipaza sauti watu husimama.

Upande wa pili wa barabara walikuwa wamejipanga akina mama na vitambaa vyao. Hortensia alikuwepo, amevaa kofia pana. Mama alikuwa katikati. Hakunipungia mkono.

Nilibonyeza kitufe, nikakinga glasi, nikaiinua. Wageni wakainua simu zao. Sikunywa. Niliiweka glasi juu ya boneti nikasema:

"Haya ni maji, na nimeyanywa mara nyingi, na si uongo. Lakini nyinyi mmeketi mgongo kwa tanuru. Geukeni. Haidrojeni iliyotoa maji haya imepikwa kutokana na gesi, pale, na moshi wake hauendi Sacramento na nyinyi. Unaingia kwenye dirisha la yule mama pale. Yule ni mama yangu. Mshale huu unasema hapa ni maji tu. Hapa siyo maji tu. Mnataka kuniamini, niaminini na hili."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa siku tano, nikiyasema bafuni, garini, kitandani. Yalitoka bila kukwama. Nilingoja.

Watu wachache waligeuka kweli kutazama tanuru, kwa heshima, kama watu walioonyeshwa ndege mtini. Bwana mmoja safu ya mbele aliinua mkono, nikampa nafasi haraka. Aliuliza tangi likijaa gari linafika umbali gani.

Kisha Whitlow alikuwa kando yangu, mkono begani kwangu. Hakuninyang'anya kipaza sauti. Alikiinamia tu, kama rafiki.

"Mmesikia uchungu huo?" aliwaambia. "Huyu ni kijana wa mtaa huu. Anaupenda mtaa wake, na hafichi kitu. Ndiyo maana tumechagua kuwekeza hapa, na siyo kwingine."

Wakapiga makofi. Diwani alipiga kwa nguvu kuliko wote. Walimpigia yeye, walinipigia mimi, na lile "hapa" langu, nililolitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, likawa mdomoni mwake kama lilizaliwa humo. Nilijaribu kusema tena. Muziki ulikuwa umeshawashwa.

Nilingoja anifukuze kazi. Ningefurahi. Nilitaka walau kitu kimoja kigombane nami. Nyuma ya hema alinipa chupa ya soda, akasema nimetisha, wageni wamependa ukweli wangu, na Jumatatu ana wazo la kuniweka mimi na mama yangu kwenye bango moja. Nilimwangalia nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Nikaweka funguo za gari kwenye kiganja chake, nikamfungia vidole mwenyewe kimoja kimoja, nikamwambia atafute mtu mwingine wa kunywa. Alisema nilale kwanza, tutaongea.

Nilivuka barabara. Akina mama walikuwa wanakunja vitambaa. Hortensia alinitazama kutoka chini ya kofia yake.

"Umeongea vizuri," alisema. "Nilisikia makofi mpaka huku."

Sikujua kama ananiuma au ananituliza, na nadhani hata yeye hakujua.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa mama saa ya chakula. Safari hii alifungua mlango, lakini alisimama mlangoni. Nikamwambia nimeacha kazi. Alisema amesikia. Nikamwambia nimesema mbele ya wote, nimesema kila kitu, na jina lake karibu nilitaje. Alisema alikuwepo, masikio yake ni mazima, na kwamba yale maneno yalikuwa mazuri na alijivunia kuyasikia.

"Na bango?" aliuliza.

Sikuhitaji kugeuka. Lilikuwa nyuma yangu, mwisho wa mtaa, nikitabasamu juu ya paa za majirani.

"Bado lipo, mama."

Alitikisa kichwa taratibu. Akaingia ndani. Nilidhani mambo yameishia hapo, nikaanza kushuka ngazi, kisha nikasikia mlango tena. Alikuwa na bakuli la pozole mikononi, limejaa, na kabichi na figili juu yake. Hakunikaribisha ndani. Aliinama, akaliweka kwenye ngazi ya juu, akaweka kijiko kando yake, akarudi ndani akaegesha mlango bila kuufunga.

Niliketi kwenye ngazi. Supu ilikuwa ya moto, na hapakuwa na mahali pa kuweka bakuli ila magotini, yakaungua. Nilikula yote. Ndani nilisikia dada zangu wanavuta viti, wanasali, wanaanza kula, na mmoja wao akaomba apitishiwe chumvi.